Magari Mawili ya Plastiki na Jipu la Baba

Nilipofika nyumbani Kasongo, mama alipokea begi langu akalifungua ili afue nguo. Alikuta suruali mbili, shati moja, na masanduku mawili ya magari ya plastiki, yale madogo ya kuunganisha mwenyewe. Aliyatoa, akayapanga juu ya kitanda.

“Mwanangu, vita imekufukuza Bukavu, na wewe umebeba vitu vya kuchezea?”

Nilimwambia kwamba si vya kuchezea, ni vya watu wazima. Akasema, “Sawa,” kwa sauti ambayo mtu huitumia kwa mgonjwa.

Kwa miaka sita nilikuwa muuzaji katika magazini moja, duka la vitabu na karatasi za ofisi, kule Bukavu. Nyuma kabisa, baada ya daftari na mihuri, patron, mwenye duka, alikuwa na rafu moja ya magari hayo. Aliyaagiza kwa ajili ya madaktari na mainjinia wageni waliokosa la kufanya siku za Jumapili, na baadaye Wakongo wachache nao wakayapenda. Kulikuwa na aina mbili zilizoshindana. Moja ilikuja katika sanduku jekundu, nyingine katika sanduku la buluu. Mteja akiingia, kazi yangu ilikuwa kumweleza tofauti. Nilisema jekundu ni la mtu mwenye subira, vipande vyake ni vidogo na vimepimwa sawasawa na gari la kweli. Nilisema la buluu ni jepesi kuunganisha, milango yake inafunguka, lakini waliolitengeneza hawakujali sana ukweli. Niliyasema hayo kila wiki, kwa sauti ileile, mkono mmoja juu ya kila sanduku. Sikuwahi kufungua hata moja. Patron ndiye aliyenifundisha maneno, nami niliyashika.

Asubuhi vita vilipoingia mjini, patron alinipigia simu kutoka mbali. Alisema nichukue chochote kitakachonisaidia njiani, nifunge mlango, niende. Kwenye magazini kulikuwa na simu, mashine za hesabu, na redio ndogo za umeme wa jua. Mikono yangu ilikwenda kwenye ile rafu niliyokuwa nikiipangusa vumbi kila siku na kuchukua masanduku mawili yaliyosimama pamoja, moja jekundu na moja la buluu. Yote mawili yalikuwa na picha ya gari lilelile la zamani, aina ya jipu. Nilitoka nayo. Mpaka leo siwezi kueleza.

Mchumba wangu aliondoka na ndugu zake upande wa Uvira, wakavuka mpaka hadi Burundi. Tulikubaliana kwamba mambo yakitulia atanifuata Kasongo. Mimi nilisafiri siku nyingi, mara kwa pikipiki, mara kwa miguu, na sikumbuki sana njia. Namkumbuka mwanamke aliyenipa ndizi. Nakumbuka viatu vyangu.

Nyumbani nililala, niliamka, nilikula wali na sombe ya majani ya mihogo, nilikwenda kisimani. Majirani walikuja kunipa pole, nami niliwashukuru. Walitarajia nilie au nisimulie, wakaondoka mikono mitupu. Mwili wangu wote ulikuwa kama mguu ulioingia ganzi, kabla haujaanza kuchoma.

Baba ndiye aliyefungua sanduku. Nilimkuta barazani, miwani puani, ameshika kifuniko cha lile la buluu.

“Hii ni gari yangu,” alisema.

Zamani baba alikuwa shofere wa mradi mmoja wa barabara. Aliendesha jipu kati ya Kasongo na Kabambare mpaka vita vya kwanza vilipokuja, nikiwa bado mdogo. Baada ya hapo hakuendesha tena kitu chochote. Alirudi shambani kulima mpunga kama babu yake. Hakuwa mtu wa kuzungumzia zamani, na sisi hatukumuuliza.

“Iko aina hiyo hiyo,” nilimwambia. “Na nyekundu vilevile.”

“Sasa kwa nini ziko mbili?”

Basi nikaanza kumweleza. Niliweka mkono mmoja juu ya kila sanduku, kama ilivyokuwa kazini, nikatoa maneno yote ya patron. Baba alinisikiliza mpaka mwisho.

“Na wewe umeunganisha ngapi?”

“Hata moja, baba.”

Alivua miwani, akanitazama, akaivaa tena. “Chukua nyekundu. Mimi nachukua hii yenye milango.”

Tulifanya kazi hiyo majuma matatu, mchana, mvua ikitufungia barazani. Ndipo nilipojua kwamba nilikuwa nimewadanganya watu bila kujua. Sanduku jekundu, nililolisifu kwa vipimo, lilikuwa na vipande vilivyokaa kweli mahali pake, hilo lilikuwa sahihi. Lakini karatasi yake ya maelekezo ilikuwa michoro mitupu, imejaa mishale, na nilibandika ekseli ya nyuma kichwa chini. La buluu, nililolidharau, lilikuwa na plastiki iliyozidi pembeni, na baba alilazimika kuikwangua kwa wembe, kipande baada ya kipande. Hata hivyo matairi yake yalikuwa ya mpira halisi, na milango ilifunguka na kufungwa vizuri. Gundi ya sanduku langu ilikuwa imekaukia ndani ya chupa yake. La baba halikuwa na gundi kabisa. Tulinunua sokoni ile gundi ya haraka ya kubandikia viatu. Ilishika vizuri, ila moshi wake uliingia kwenye vioo vya gari langu vikawa vyeupe. Baba aliviona. Vioo vyake alivibandika kwa utomvu wa mti aliouchemsha mwenyewe, na vilibaki safi.

Siku moja, nikiwa nimeshika usukani mdogo kwa ncha ya sindano, simu ililia. Alikuwa mchumba wangu. Alinisalimu, akauliza habari za wazazi. Kisha akasema ndugu zake wamepata njia ya kwenda mbali zaidi, naye anakwenda nao, na hatakuja Kasongo. Alisema, “Sikia, usinisubiri. Nakuambia mwenyewe ili usisikie kwa watu.”

Nilisema nimesikia. Nilimtakia safari njema. Aliniuliza kama nina hasira, nikamwambia hapana, na ilikuwa kweli. Nilimsikia akilia. Simu ilipokatika niliishika tena ile sindano na kuweka usukani mahali pake. Uliingia kwa jaribio la kwanza.

Baba alikuwa amesikia kila kitu. Aliendelea kukwangua.

Ugomvi wetu, kama ulikuwa ugomvi, ulikuja magari yalipokwisha. Tuliyaweka mezani yakitazamana. Mbele, pale upepo unapoingilia kupoza mashine, gari langu lilikuwa na fito tisa za wima. La baba lilikuwa na saba.

“Yako wamekosea,” alisema baba. “Gari yetu ilikuwa na saba.”

“Baba, nyekundu ndiyo wanapima. Buluu wanakadiria tu.”

“Nani amekuambia?”

“Patron.”

“Patron alikuwa anaosha gari yangu? Mimi nilikuwa naiosha kila asubuhi. Kitambaa kilipita kila fito. Saba.”

Siku mbili baadaye mama alisema shangazi, dada yake baba aliyeko Kabambare, anahitaji watu wa kumsaidia kuvuna, na baba akasema tutakwenda wawili. Niliazima pikipiki ya binamu. Baba alikaa nyuma yangu. Gari lake alilifunga ndani ya kitenge cha mama, akalishika kifuani.

Barabara ilikuwa tope na mashimo. Tulipokaribia Wamaza, baba alinigonga begani. “Simama hapa.”

Alishuka, akaingia katika majani marefu kama mtu anayeingia kwake. Nilimfuata. Hatua hamsini hivi kutoka njiani lilikuwapo jipu, au kilichobaki: bodi iliyoliwa na kutu, bila magurudumu, bila milango, mti umeota palipokuwa kiti cha nyuma. Baba alikwenda moja kwa moja upande wa mbele na kuinama. Ule uso wa fito haukuwapo. Palikuwa na tundu tupu.

Alibaki ameinama muda mrefu. Kisha akakaa kwenye ukingo wa bodi, mahali pa shofere.

“Niliiacha hapa,” alisema. “Walikuwa wanapiga risasi nyuma yetu. Nilikuwa na abiria watatu. Niliwaambia washuke, wakimbilie msituni. Wawili nilifika nao Kasongo. Mmoja sikumuona tena.”

“Alikuwa nani?”

“Mwenzangu wa kazi. Tulikuwa tunabadilishana usukani.” Alifungua kitenge akalitazama lile gari dogo. “Watu walikuja kulia nyumbani kwake, na mimi nilikwenda. Niliketi pale. Kila mutu alilia, mimi hapana. Mke wake alinitazama. Aliona sina moyo. Mwaka mzima nilikuwa hivyo, mwanangu. Mama yako ananipa chakula, nakula. Ananiuliza kitu, najibu. Wewe uliumwa surua mwaka ule, karibu ufe, na mimi nilikutazama tu.”

Niliuliza ilikwisha vipi.

“Sijui. Siku moja nilikuwa napanda mpunga, nikaanza kulia juu ya kitu cha bure, jembe limevunjika mpini. Nililia mpaka watu wa shamba la jirani wakaja.” Alifunga tena kitenge. “Sikuambii hii ili ulie. Nimekuambia tu.”

Nilisema asante, baba. Nilijua kwamba ningepaswa kuhisi kitu kikubwa pale, na nilikitafuta. Nilihisi majani yaliyolowa kwenye magoti yangu.

Kijijini Wamaza tuliuliza habari za jipu lile. Mwanamke mmoja mzee aliyekuwa akianika mihogo alisema vyuma vingi vya gari lile viligawanywa zamani, kila nyumba ilichukua chake. Baba alimweleza kipande tunachotafuta. Mwanamke alicheka.

“Ile ya kukaushia samaki? Njooni.”

Ilikuwa jikoni kwake, juu ya mafiga, nyeusi kwa masizi na mafuta, na samaki wanne wakikauka juu yake. Baba aliomba ruhusa. Mwanamke aliwaondoa samaki mmoja mmoja. Baba alipiga magoti na kuzigusa fito kwa kidole, zilikuwa bado na joto. Alihesabu kimya. Nami nilihesabu. Nane.

“Moja ilivunjika,” alisema yule mama. “Tazama kisiki chake hapo katikati.”

Tisa, basi. Lile jekundu lilikuwa sahihi, na patron alikuwa sahihi. Katika magazini ningefurahi kuwa na ushahidi kama huo. Nilimtazama baba, bado amepiga magoti, vidole vyeusi, nikatamani ziwe saba. Nilitamani sana. Ilinishangaza kidogo, kwa sababu ilikuwa muda mrefu sijatamani kitu.

“Labda mradi ulibadilisha hii ya mbele,” nilisema. “Baada ya ajali.”

“Haikupata ajali.” Alisimama, akajifuta mikono kwenye suruali. “Tisa. Nilikosea.”

Yule mama, ambaye hakuelewa tunashindania nini, alituuliza kama tunataka kuichukua. Baba alisema hapana, iko na kazi nzuri hapa. Alimwonyesha gari dogo. Yule mama aliligeuza huku na huku, akafungua mlango wa shofere kwa ukucha wake, akaufunga, akaufungua tena, akasema aliyefanya kazi hii ana macho mazuri. Baba alisema, “Ni mimi,” na nilimwona akinyoosha mgongo. Mwanamke alitupatia samaki mmoja, tukamla tukiwa tumesimama.

Tulifika Kabambare jioni, tope mpaka kiunoni. Shangazi alitupigia kelele kwa kuchelewa, akatupatia maji ya moto ya kuoga. Baba alikaa siku nne akarudi Kasongo na mtu wa pikipiki aliyekuwa akitoka Salamabila. Mimi nilibaki mpaka mpunga ulipokwisha kuvunwa, na baada ya hapo nilibaki tena, kwa sababu mwenye duka moja dogo la vipuri vya pikipiki alisikia kwamba najua kuuza na akaniomba nimsaidie. Anauza aina mbili za mnyororo, moja ghali na moja rahisi. Mteja akiniuliza tofauti, namwambia sijazitumia, nitamuuliza aliyezitumia. Mwanzoni mwenye duka hakupenda jibu hilo. Sasa amelizoea.

Mchumba wangu aliandika ujumbe mwezi uliopita. Amefika walikokuwa wanakwenda, ni baridi, anafua nguo katika hoteli. Aliuliza niko wapi. Nilimwandikia kwamba niko Kabambare, niko mzima, nafanya kazi. Nilitaka kuongeza kitu na nikakaa na simu mkononi mpaka mteja akaingia kutafuta plagi. Nikatuma hivyo hivyo, nikainuka kumtafutia.