Kitabu Kilichojaa Pambizoni

Mwongozo wa kwanza niliuandika mwenyewe. Ulikuwa kitabu cha jalada la kijani chenye waya mgongoni, ukikifungua mezani kinalala chenyewe. Kilifundisha mfumo wa kompyuta wa kutunza dawa katika vituo vyetu vya afya Pemba: namna ya kupokea boksi, kutoa dawa, kuhesabu zilizobaki, kuagiza kabla rafu haijawa tupu. Mfumo wenyewe ulitengenezwa mbali, na watu wasioijua Pemba hata kwenye ramani. Kazi yangu, ofisini Wete, ilikuwa kuwafanya watu wetu wauelewe.

Walioutengeneza hawakutulia. Kila baada ya miezi michache kioo cha kompyuta kilibadilika: kitufe kimehama, rangi imegeuka, na kitabu changu kimeshakuwa cha zamani kabla wino haujakauka. Nikachoka. Nikasimama mbele ya wakubwa wangu nikasema tuache kuchapa, mwongozo tuuweke mtandaoni, kila mtu ataupata bure. Nilipenda sana kulisema neno hilo, bure. Wakakubali siku ileile, na mimi nikatembea wiki nzima kifua mbele.

Bure kwa nani, sikujiuliza. Ofisini tuliona karatasi tulizookoa. Hatukuona mtu anayetia bando kwa fedha yake ili asome maelezo ya kazi ya serikali, wala anayekwenda dukani kuchapiwa kurasa kwa rangi nyeusi na nyeupe, ambapo kitufe chekundu na cha kijani vyote vinakuwa kijivu. Katika mafunzo nilipowaambia wapakue mwongozo, mama mmoja alijibu kwamba yeye anachojua kupakua ni wali. Tukacheka sote. Leo najua yeye hakuwa anatania sana.

Mama huyo alikuwa mtunza stoo ya dawa katika kituo cha kisiwa cha Fundo, mtu mzima, amebakisha kama miaka miwili astaafu. Alianza chuoni, kwenye Kurani, kabla ya skuli, na mkono wake ulikuwa mwepesi zaidi kwa herufi za Kiarabu. Basi kila nilipofundisha, yeye aliandika pambizoni mwa kitabu, Kiswahili chetu hichi hichi, kutoka kulia kwenda kushoto. Niliwahi kumtania kama anaandika hirizi.

"Hirizi ya mashine yenu, mwanangu," akasema, "maana ina mashetani."

Mwongozo ulipohamia mtandaoni, niliamuru vitabu vyote virudishwe, nisije nikakuta mtu anafuata maelezo ya zamani. Nilivikusanya mwenyewe kituo kwa kituo. Fundo, yule mama alikishika chake kifuani kidogo kabla ya kunipa.

"Nakupa, lakini mie humu nimetia vyangu."

"Mama, kila kitu kimo mtandaoni."

"Na vyangu vimo?"

Nikacheka, nikakitia kwenye mfuko pamoja na vyengine. Haraka yangu ilikuwa boti ya kurudi.

Miezi haikuwa mingi, Fundo pakaharibika jambo. Dawa za maji za watoto, maboksi mazima, zilionekana kwenye mfumo kuwa zimeisha muda. Zikaondolewa, zikateketezwa, na kumbe zilikuwa nzima. Akina mama wakaambiwa dawa hakuna, wakavuka na watoto wenye homa mpaka Wete. Wakubwa wakataka ripoti, na mwenye kuujua mfumo nilikuwa mimi. Niliiandika nikiwa ofisini, sikwenda hata kumuuliza. Niliandika kwamba mwongozo upo mtandaoni na mtunza stoo hakuusoma. Akaondolewa stoo, akawekwa mapokezi kuandika majina ya wagonjwa.

Vile vitabu, baada ya kukaa kwenye kona miezi kadhaa, nilimpa mama anayeuza njugu jirani na ofisi yetu, afungie. Siku ya pili akaja na kurasa chungu nzima, akaziweka mezani kwangu taratibu.

"Hizi zina maandishi, mwalimu. Mie sifungii njugu karatasi yenye herufi hizi. Nakurejeshea, ujue mwenyewe pa kuziweka."

Alidhani ni aya za Kurani, na aliniangalia kama mtu asiye na adabu. Nikataka kumtoa wasiwasi, nikachukua ukurasa nikamsomea. Ulikuwa ukurasa wa kupokea dawa. Pambizoni yule mama wa Fundo alikuwa ameandika: "Hapa mwezi hutangulia, siku hufuata. Ukitia kama tunavyoandika sie, dawa nzima huwa mbovu." Kwenye ukurasa wa kuhesabu aliandika: "Hapa siku hutangulia. Usichanganye na kule."

Muuza njugu akaondoka ameridhika. Mimi nikaisoma tena mistari ile miwili. Vioo viwili vya mfumo mmoja vilisoma tarehe kwa namna mbili, na mimi mwandishi wa mwongozo sikuwa nimeliona hilo, si kwenye kitabu wala mtandaoni. Yeye aliliona, akaliandika, akafanya kazi bila kosa mpaka nilipokuja kumchukulia kitabu. Nilishikwa na haya ambayo sijapata kuiona tena.

Niliongeza maelezo hayo mtandaoni asubuhi ileile, kazi ya dakika kumi. Nikaandika na ripoti nyengine kuwa kosa ni langu. Wakubwa waliipokea, wakasema nafasi imeshapata mtu, na mama mwenyewe si anakaribia kustaafu.

Nikavuka Fundo na zile kurasa. Mtunza stoo mpya, kijana mchangamfu, akanipokea kwa kuusifu mwongozo, hasa pale palipoelezwa tarehe. Akanionesha anavyousoma: ndani ya kituo mtandao haushiki, basi hutoka na simu mpaka upande wa pwani, husoma hatua moja, hurudi mbio kwenye kompyuta kabla hajaisahau. Yeye ana miguu ya miaka ishirini na kitu. Nikamfikiria mama wa watu akienda na kurudi juani, na mgonjwa anasubiri dirishani.

Mama mwenyewe alikuwa mapokezi, ameinamia daftari. Nilimpa kurasa zake, nikamwambia yote: tarehe, ripoti ya kwanza, ripoti ya pili, na kwamba stoo haitarudi. Nikamuomba radhi. Alizipanga kurasa kwa utaratibu wake, akizigonga kwenye meza zikae sawa.

"Nimekusamehe, mwanangu. Stoo mie siililii, mabuksi yale yalishaniua mgongo," akasema. "Lakini mwanangu wa kiume alisomewa ile ripoti yako ya kwanza. Umeandika mie sikusoma. Mie niliyesoma mpaka kitabu kikawa hakina pa kuandika."

Mgonjwa alikuwa amefika dirishani. Akaziweka kurasa chini ya daftari, akamuuliza jina.