Nilimwacha wifi yangu kwenye ukungu

Kosa ni langu, ndugu zangu. Msinitafutie sababu. Hakuna aliyenituma, wala sikuwa nimelewa dengelua. Kulitaja jambo hili ni kama kurudi kule kule msituni.

Mimi ni mwanamke wa Bombo, huku milimani Upare. Serikali ya Mwingereza ilituletea mzungu wa kupima milima. Akashuka kwenye treni pale Same, akachukua wapagazi, akapiga mahema msituni juu ya kijiji chetu. Tulidhani atakaa siku chache. Akakaa kiangazi kizima hadi mvua zikaanza! Sisi wanawake tukawa tunawapandishia wapagazi unga, ndizi na maharage.

Kaka yangu alikuwa mmoja wa wapagazi hao. Mkewe, wifi yangu, alitoka Maore, kule chini kwenye joto. Mtu mpole, ila mlima ulimshinda. Kila tukipanda alitweta na kusimama, nami nikamcheka. Kusema kweli nilimwonea wivu. Tangu aolewe, kaka hakunisikiliza tena.

Siku ile njiani akaniambia, "Wifi, taratibu basi. Pumzi zimeniishia."

"Huku si Maore," nikamjibu. "Huku watu wanapanda."

Akatua tenga lake la ndizi apumzike.

Hapo ndipo shetani aliponipata. Nikatangulia mbio, nikaacha njia, nikajificha nyuma ya mti mkubwa. Nilitaka aogope kidogo tu, halafu nitoke nimcheke.

Ukungu ukashuka. Ukungu wa kwetu haupigi hodi. Mara huoni hata mkono wako.

"Wifi!" akaita. Nikaziba mdomo kicheko kisinitoke. "Wifi, uko wapi? Naogopa!"

Nikanyamaza. Jamani, nikanyamaza!

Kisha nikasikia matawi yakivunjika, mawe yakiporomoka, na ukelele mmoja mfupi. Halafu kimya.

Kicheko kikanikauka. Nikaita, nikaita, nikaita. Nikatambaa nikipapasa ardhi mbele yangu. Nikagusa tenga lake limepinduka, ndizi zimetapakaa. Nikanyoosha mkono zaidi. Ardhi haipo! Korongo! Nikarudi kinyumenyume.

Nikakimbilia kambini. Kaka alikuwa anachochea moto wa makande.

"Mwenzako yuko wapi?"

Mzaha ulikuwa kosa, lakini hili ndilo kubwa. Niliogopa kuulizwa nilikuwa wapi alipoanguka. Nikasema, "Tumepotezana kule chini, kwenye kijito."

Uongo! Kijito kiko upande mwingine kabisa.

Wanaume wakashuka kijitoni mbio. Nikabaki na mnyapara wao, mzee kutoka Kighare. Manyunyu yakaanza. Nikawaza, kama yu hai, analowa. Kama amekufa, nimeua. Na bado nikakaa pale motoni! Kusema naogopa, kunyamaza naogopa. Machozi yakawa yananitoka yenyewe.

Mnyapara akanitazama sana. "Binti yangu, mbona unalia kama mtu aliyekwisha fiwa? Wenzako bado wanatafuta."

Nikaanguka miguuni pake. "Baba, nimedanganya. Yuko korongoni!"

Hakunigombeza. Alinyakua kamba ya hema, akatoka akipiga kelele kuwaita wanaume warudi.

Tulimkuta amenasa kwenye mizizi, chini kidogo ya ukingo, mguu umevunjika, midomo haifungi kwa baridi. Chini yake hakukuwa na kitu ila ukungu. Kaka alishuka kwa kamba akampandisha. Nikasogea nimfunike kaniki yangu. Aliponiona akajikunyata, macho yamemtoka kama ameona chui.

"Mtoeni huyu," akasema. "Mtoeni, ataniangusha tena."

Ndugu zangu, sikumgusa! Lakini ningesema nini? Kwamba sikumsukuma, nilimsikia tu akiita?

Mguu uliunga vibaya. Anachechemea mpaka leo. Kaka akahamia naye Maore. Wamepata mtoto. Mama hushuka kumwona. Mimi sijawahi kumbeba. Siku wanaondoka kaka aliniambia neno moja tu: "Mzaha ningekusamehe. Lakini uliniangalia nikikimbilia kijitoni."

Siku hizi kuni naokota pembezoni mwa shamba tu. Ukungu ukishuka nafunga mlango.

Nyinyi mnaopanda milima na wenzenu, mchovu msubirini. Hofu ya mtu si mchezo. Na kama umeshakosea, taja mahali ulipomwacha. Taja hapo hapo, hata kama wote watakutemea mate.

Aibu haiui mtu. Baridi inaua.