Vifaranga wa Sebuleni kwa Mama Odeta

Umewahi kumsikia kifaranga aliyeshiba na kupata joto lake? Si ile kelele ya kulilia chakula. Ni kasauti kembamba, kanakatika kanaendelea, kama mtu anayejisemea mwenyewe huku anaosha vyombo.

Kunapambazuka, na Bernadeta, maarufu kama Mama Odeta, amepiga magoti katikati ya sebule yake mlimani Igogo, sikio karibu na gunia lililofunika vifaranga. Hagusi kitu kwanza, anasikiliza. Akisharidhika ndipo anafunua ncha ya gunia na kuingiza mkono, anapima joto kwa mgongo wa kiganja kama apimavyo uji wa mtoto.

"Wamelala wametawanyika," ananong'ona. "Wangesikia baridi ungewakuta wamepandana."

Makochi yamesukumwa ukutani. Pale wageni walipokuwa wakinyoosha miguu, sasa limesimama duara la hadibodi lenye maranda chini na chungu cha mkaa katikati. Hilo ndilo bruda, mahali pa kuwatunzia vifaranga joto. Limekuwa duara kwa sababu kifaranga akipata kona hujibana humo, na wenzake humlalia mpaka anakosa pumzi.

Kwa nini sebuleni? Nje hakuna nafasi. Nyumba imebanwa na majabali mbele na nyuma. Hata beseni ukiliweka uani linainama.

Alianza miaka sita iliyopita na kuku wa kuazima. Jirani yake, Safia, ana kuku wengi wanaopenda kuatamia, ila hana subira ya kulea. Wakapatana. Safia anatoa kuku, Bernadeta analeta mayai na kuyamulika kwa tochi ya simu ili kuyatoa yasiyo na uhai. Yakianguliwa, vifaranga wanahamia kwenye bruda na kuku anarudi kwao kutaga upya. Kila kuku anarudi na vifaranga wake wawili. Wenyewe wanaiita zawadi ya mzazi.

"Kuku wangu wanahangaika, mwenye watoto yeye!" anacheka Safia, ambaye amefika na kikapu chake asubuhi hii. "Baba Odeta, na wewe una wake wangapi humo sebuleni?"

"Mmoja tu," anajibu mzee aliyekaa kwenye stuli mlangoni. "Na hana muda na mimi."

Huyo ni Machibya, mume wa Bernadeta, aliyekuwa fundi wa injini za maboti ziwani hadi mgongo ulipomgomea miaka miwili iliyopita. Tangu hapo kiti chake ni hiyo stuli. Mwezi ukiwa mzuri, mauzo ya vifaranga humwachia mkewe kama laki mbili baada ya kutoa chakula na chanjo ya kideri. Umeme unalipwa humo, na dawa za mgongo pia.

Lakini Krismasi iliyopita, binti yao Odeta alipokuja na watoto wakakosa pa kukaa, Machibya alitamka mbele ya wote: "Hawa vifaranga waondoke sebuleni."

Bernadeta hakubishana. Alianza kutafuta pa kuwapeleka, na mdogo wake, Gladness, akampa kibanda cha mabati kilichokuwa wazi nyumbani kwake Mkolani. Wanahamia Jumamosi. Tatizo ni kwamba kifaranga mchanga haachwi peke yake. Kila kundi jipya likiingia, Bernadeta itabidi alale huko mpaka waote manyoya.

"Nitakuwa nakuja Jumapili kumpikia," anasema, macho yake kwenye chungu cha mkaa. "Miaka thelathini na tisa hatujalala nyumba mbili, labda yeye akiwa majini."

Angeweza kuacha kazi yenyewe. Mwezi wa nne nusura aache.

Siku moja ya mwezi huo mvua ilikuwa imenyesha tangu alfajiri, umeme umekatika, upepo wa ziwani unapenya hadi chini ya mlango. Bernadeta aliongeza mkaa, akafunika bruda kwa gunia, juu yake akaweka turubai, akafunga na dirisha. Vifaranga wakanyamaza. Kwake yeye ukimya ulikuwa habari njema, kwamba joto limewafikia. Akakaa kuchambua dagaa wa chakula chao.

Machibya ndiye aliyeinua kichwa. "Mama Odeta, mbona hawaongei?"

"Wametulia. Wamepata joto."

"Wakitulia huwa wanaongea kidogo kidogo. Hawa hawaongei kabisa. Na mimi kichwa kinanigonga."

Akanyanyuka, mgongo na yote, akavuta turubai na kulitupa nje. Ndani ya bruda vifaranga walikuwa wamelala ubavu, midomo wazi. "Hewa ya mkaa hiyo!" alifoka. "Chumba cha injini ukikiziba hivi, mtu anasinzia moja kwa moja. Watoe!"

Waliwabeba kwenye vitenge hadi barazani, wakawapepea. Mmoja mmoja walianza kutikisa miguu. Kumi na mmoja hawakuamka. Bernadeta alilia, akisema amewaua kwa mkono wake mwenyewe na hafugi tena. Machibya alikuwa ameshika kifaranga wa mwisho mikononi, anampulizia pumzi taratibu, mpaka yule naye akalia.

Kesho yake alichukua msumeno akakata matundu ya hewa kuzunguka hadibodi yote. Bernadeta aliona maana moja tu: anaandaa mzigo wa Mkolani, wasikose hewa njiani.

Asubuhi hii Safia ameshaondoka na Machibya bado yupo mlangoni, anafunga waya wa kubebea kwenye bruda la pili, alilolitengeneza kwa ajili ya safari. Bernadeta anaeleza mipango yake: kibanda kitapigwa wavu, akinunua taa ya sola ataongeza kundi. Anaeleza vizuri, ila hatabasamu.

"Mama Odeta," anaita mzee.

"Abee."

"Huko Mkolani nani kakutuma?"

Bernadeta anageuka. "Si wewe? Ulisema waondoke, tena mbele ya wajukuu."

Machibya anaweka koleo chini. Anafuta mikono kwenye suruali, ingawa mikono haina kitu.

"Nilisema. Ukiamka unawasalimia wao kabla yangu. Unawauliza wamelalaje. Mimi niko hapa mlangoni, hata kunituma maji yao hujanituma."

"Nilikuwa nauhurumia mgongo wako, Baba Odeta."

"Mgongo ndio mbovu. Masikio yangu mazima. Nawajua hawa kwa sauti, mwenye njaa na mwenye baridi. Nimewajulia hapa hapa nilipokaa."

Bernadeta anamtoa kifaranga mmoja kwenye bruda, anavuka sebule na kumweka kwenye kiganja cha mumewe. Machibya anamfunika kwa mkono wa pili, akiacha upenyo wa hewa.

"Sikutaka waondoke," anasema. "Nilitaka unipe zamu."