Gia Nilizofundishwa na Jipu

Mkurugenzi wetu alirudi kutoka semina ya siku tatu akiwa na mawazo mawili. La kwanza, kwamba kila ofisi ilime mihogo uani, lilikufa baada ya mbuzi wa jirani kula miche yote. La pili lilikuwa mimi.

Nilikuwa mpiga taipu, mwanamke wa miaka ishirini na sita kutoka Kilimanjaro, na nilikuja Dar es Salaam kutafuta kazi ya kukaa kitako. Nikaipata kwenye shirika la umma la uchukuzi lenye yadi Gerezani, hatua chache kutoka Kariakoo. Asubuhi moja mkurugenzi akasimama mbele ya meza yangu, tumbo likiwa limetangulia.

"Ndugu, kuanzia Jumatatu utajifunza kuendesha tela. Wanawake wanaweza."

"Wanaweza, ndugu mkurugenzi. Lakini mbona mimi?"

"Wewe ndiye mrefu. Miguu itafika kwenye klachi."

Basi ndivyo nilivyoingia kwenye ukombozi wa mwanamke, kwa urefu wa miguu. Nikapewa ovaroli ambayo ingetosha watu wawili wanaopendana, nikakabidhiwa kwa dereva mkongwe kuliko wote pale yadini.

Alikuwa mzee mwembamba wa kutoka Newala, swala tano, mwenye kofia safi na mdomo mchafu. Madereva wenzake walicheka mpaka wakashika magurudumu. Yeye hakucheka. Nilimwamkia, "Shikamoo, mzee," akaitikia, "Marahaba, mwanangu. Panda. Ukiniua, mjane wangu atahamia kwako."

Gari lenyewe lilikuwa kuukuu, na gia zake hazikuwa za kubembelezwa. Ukitaka kushuka kutoka ya nne kwenda ya tatu, unakanyaga klachi, unatoa gia na kuiacha fri, unaachia klachi, unapiga resi kidogo ili injini ipande, unakanyaga klachi tena, ndipo unaingiza. Ukikosea, sanduku la gia linapiga kelele kama nguruwe aliyekanyagwa mkia, na Gerezani nzima inajua ni yule wa taipu.

Mimi nilikuwa na dawa yangu. Nikishindwa gia, nakanyaga breki. Zile zilikuwa breki za upepo. Unagusa tu, gari linasimama wima na wewe unabusu kioo.

"Breki ni ya kusimamia," mzee alikuwa akisema huku akiokota kofia yake sakafuni. "Mwendo unaupunguza kwa gia. Pangua gia, mwanangu! Sikiliza injini, itakuambia lini."

Nilisikiliza. Injini haikuniambia kitu. Wiki mbili nzima tulizunguka Mnazi Mmoja, tukateremka Jangwani na kupanda tena, tukaenda mpaka Magogoni na kugeuza, na kila kituo nilikifikia kwa kishindo. Wauza machungwa wa Mtaa wa Msimbazi walituona kwa mbali na kukumbatia matenga yao.

Wiki ya tatu mzee akaota jipu.

Liliota takoni, upande wa kushoto, kubwa kama embe dodo changa. Najua ukubwa wake kwa sababu alilieleza yadi nzima kwa kutumia ngumi. Hospitali walimwambia halijaiva, arudi baada ya siku tano. Nikamwomba apumzike.

"Nipumzike vipi? Bwana mkubwa anataka uwe tayari Jumamosi ijayo. Amealika wageni." Akachukua kanga ya mkewe, akaikunja kata, ile ya kubebea ndoo kichwani, akaiweka juu ya kiti na kukaa taratibu huku akimtaja Mungu.

Nilipofunga breki ya kwanza, alitoa ukelele ambao sijawahi kuusikia tena kwa mwanadamu, na nimezaa watoto watatu. Kisha akanitukana kwa Kimakonde. Kisha akaomba radhi kwa Mungu, si kwangu. Kisha akasema kwa sauti ndogo kabisa, "Mwanangu, nakuomba. Gia."

Siku ile nikaanza kuendesha kwa huruma. Nikawa natazama mbali, mita mia mbili mbele, mkokoteni gani unataka kuvuka, mtoto gani ana mpira. Nikitoa mguu kwenye mafuta, nasubiri. Injini ikiishiwa pumzi, ndipo nakanyaga, fri, naachia, resi, nakanyaga, naingiza. Ya nne, ya tatu, ya pili. Breki naigusa mwishoni tu, naiachia kidogo kabla gari halijasimama ili lisitikisike. Mzee alikuwa kipimo changu. Akinyamaza, nimepatia. Akivuta hewa kwa meno, nimekosea kidogo. Siku ya nne tulitoka Jangwani mpaka Kariakoo hajatoa hata mguno. Nikageuka nikamkuta amelala. Askari wa usalama barabarani alinitahini kesho yake akanipa leseni, na sikuona ajabu.

Jumamosi ikafika. Wageni wa mkurugenzi, wakubwa watano kutoka chamani na wizarani, waliwekwa kwenye viti mbele ya duka la ushirika, Mtaa wa Msimbazi. Mimi nilitakiwa nitoke yadini, nipite katikati ya umma, nisimame mbele yao. Kwa kuwa tela tupu lingeonekana halina heshima, mkurugenzi aliamuru lipakiwe magunia ya mchanga na kufunikwa turubai. Yeye mwenyewe akasimama kwenye kidato cha mlango wa kushoto, mkono mmoja umeshika kioo, wa pili kipaza sauti. Mzee alikuwa ndani katikati yetu, juu ya kata yake.

Tatizo ni kwamba Kariakoo haikuwa imeona sukari kwa wiki tatu. Foleni ilikuwa pale pale dukani tangu alfajiri. Watu wakaona tela limeinama kwa uzito, limefunikwa, linakuja polepole, na kiongozi analitangaza kwa kipaza sauti. Wewe ungefikiri nini?

"Sukari!" mtu akapaza sauti. Foleni ikavunjika. Mtaa mzima ukatukimbilia, na mbele yao wote ulikuwa mkokoteni uliojaa nyanya, mwenye nao ameutelekeza katikati ya njia akawahi nafasi.

"Breki!" mkurugenzi akapiga kelele kwenye kipaza sauti. "Funga breki!"

"Thubutu," mzee akasema taratibu.

Nilishaanza zamani. Ya tatu ilikuwa imeingia kabla foleni haijavunjika, nikapangua, nikaingiza ya pili, tela lote likatulia nyuma yangu kama ng'ombe anayejua zizi lake. Tulikuwa tunatembea mwendo wa mtu anayetoka msikitini. Nikagusa breki, nikaiachia, tukasimama, mkokoteni ukiwa umbali wa mkono mmoja. Mzee hata hakupepesa macho.

Ila mkurugenzi hakungoja. Yeye alikuwa ameshajiokoa. Aliruka sekunde moja kabla gari halijasimama, bila haja yoyote, akatua kifudifudi katikati ya nyanya.

Watu hawakumtazama. Walikuwa wameshapanda juu ya tela na kufungua turubai. Mama mmoja mnene akatumbukiza mkono kwenye gunia, akautoa, akautazama.

"Mchanga!" akasema. Akamwinamia mkurugenzi aliyekuwa anajifuta mbegu machoni. "Haya ndugu kiongozi, chai tukoroge na hii?"

Wageni wawili walicheka. Watatu waliandika kitu.

Jumatatu mkurugenzi akaniita, akanipa karatasi aliyoiandika kwa mkono. Ilikuwa rasimu ya barua ya kuniondoa kwenye udereva na kunirudisha kwenye taipu, na ilibidi niichape mimi, kwani mpiga taipu mwingine hakuwepo. Niliisoma mara mbili. Nilikuwa na hasira. Halafu nikachapa barua nzuri, yenye nakala nne, ya kunithibitisha kuwa dereva wa kudumu kuanzia siku hiyo. Nikaipeleka pamoja na nyingine kumi. Alizitia sahihi zote akiongea na simu. Hakuwahi kusoma barua hata moja tangu nimjue.

Alipogundua, nakala zilikuwa zimeshafika wizarani.

"Hii sahihi ya nani?" aliniuliza.

"Yako, ndugu mkurugenzi."

Akaikunja barua. Angesemaje, kwamba anatia sahihi asichokisoma?

"Kuna majembe ya kupeleka Songea," akasema. "Ondoka kesho. Ondoka mapema."

Niliondoka saa kumi na mbili asubuhi, na niliendesha kwa miaka tisa.