Miguu Iliyotangulia

Utotoni mwangu pale Bombolulu, miguu yangu ilikuwa na sifa kuliko mimi mwenyewe. Nilizaliwa nikitanguliza miguu, na watu wa nyumba yetu ya kupanga waliamini kwamba mtoto wa namna hiyo anajua kutibu mgongo kwa kuukanyaga. Hafundishwi na mtu, amezaliwa na ujuzi huo. Nilikuwa na miaka saba. Kufunga kamba za viatu kulikuwa bado kunanishinda, lakini migongo ya watu wazima, ati, naielewa.

Msemaji wa miguu yangu alikuwa jirani yetu, Mama Kadzo, mwanamke ambaye hajawahi kukosa jibu. Siku moja Baba Karisa wa chumba cha mwisho, hamali wa magunia, aliletwa nyumbani akishikiliwa na wenzake wawili. Gunia lilikuwa limemwangukia kiunoni. Wenzake walitaka kumpeleka hospitali.

"Hospitali ya nini, na dawa tunayo hapa uani?" Mama Kadzo akasema, kisha akaniita.

"Abee."

"Njoo umkanyage baba yako."

Mama yangu alikuwa kazini. Baba Karisa akalazwa kifudifudi juu ya mkeka. Nikauamkia mgongo wake, maana uso sikuuona.

"Shikamoo."

"Marahaba, mwanangu. Polepole, tafadhali."

"Panauma wapi?"

Mama Kadzo akaangua kicheko. "Haya, sikieni! Mganga amuuliza mgonjwa! Wewe panda tu, miguu itapajua."

Miguu haikupajua. Ilijua mchanga wa uani na njia ya shule, basi. Nilipanda, nikahisi kitu kinasogea chini ya kisigino changu, mahali ambapo hapakupaswa kusogea kitu. Baba Karisa akapiga yowe, nami nikaruka chini.

"Si mwaona? Ugonjwa watoka huo! Panda tena!"

Sikupanda. Nilikimbilia chumbani nikajifungia. Wenzake wakambeba hadi hospitali, akalazwa muda mrefu. Aliporudi alitembea kwa mkongojo, na gunia hakubeba tena maishani.

Nilidhani Mama Kadzo angenyamaza. Wapi! Alitangaza penye bomba la maji kwamba shule ndiyo iliyoniharibu miguu. Kuna watu ambao ukweli ukiwazaba kofi, wataukaribisha chai na kuueleza ulivyopotea njia.

Sasa nina binti wa miezi mitano. Naye alitanguliza miguu. Juzi Mama Kadzo alikuja kumwona, lakini uso wa mtoto hakuutazama. Alishika nyayo, akazigeuza huku na huku kama mtu anayechagua samaki.

"Hizi zajua hizi," akasema. "Tena kuna mzee hapo nyuma kiuno chamsumbua."

Mtoto hajui hata kukaa, tayari ana mgonjwa. Mimi si mtu wa maneno. Hata dukani huagiza kwa kunong'ona. Nilizivuta nyayo za mwanangu nikazifunika kwa leso.

"Mama Kadzo, huyu hajui kitu," nikasema. "Nami sikujua."

Aliondoka akisonya. Sikumsindikiza.

Yote ambayo miguu yangu inayajua kuhusu mgongo wa mtu ilifundishwa siku ile, kwa yowe moja, na ada ya somo hilo alilipa Baba Karisa. Bado anailipa, kila anapoinuka kitini.