Domo Haliazimwi

Shoga yangu, juzi nilikwenda Kariakoo kumnunulia mwanangu ridi za klarineti. Shuleni kwao kuna bendi, na mwalimu kasema kila mtoto aje na zake. Muuzaji, kijana mdogo macho yote kwenye simu, akaniuliza, "Namba ngapi, mama? Mbili au mbili na nusu?" Nikamwambia anitolee moja niitazame kwenye jua. Akacheka. "Zimefungwa hizo, mama. Ukifungua, umenunua." Nikachukua tu. Njiani nilitegemea nitasikia kitu, uchungu au hata raha. Wapi! Nilisikia joto na njaa.

Kama hukuwahi kuiona, ridi ni kijibanzi chembamba cha tete. Inafungwa kwenye domo, kile kipande cha juu mpigaji anachokitia kinywani, na ukipuliza ndiyo inayotetemeka sauti ikatoka. Bila domo na ridi, klarineti ni bomba tu. Haya niliyajua kabla sijajua kujumlisha, maana baba yangu alikuwa mpigaji wa bendi ya kiwanda cha nguo.

Tulikaa Mtoni, Temeke, nyumba ya bibi mzaa baba, uani kuna mchaichai na mawe matatu ya kupikia. Mama alikuwa akikaanga mihogo na kuiuza kituoni, akitoka alfajiri kabla sijaamka. Baba akirudi kazini ananukia mafuta ya mashine, anaoga, anakaa barazani na klarineti ya kiwanda mapajani. Majirani walikuwa wanajua magharibi imekaribia kwa ile klarineti kabla hata ya adhana.

Halafu ikaja miaka ile ya kila kitu ruksa. Mitumba ikamwagika, khanga za nje zikajaa madukani, nguo za kiwanda zikakosa mnunuzi. Baba akapunguzwa kazini, mwisho kiwanda chenyewe kikafungwa. Tangu hapo akawa mtu wa kukaa. Ukimwamkia shikamoo, marahaba yake ilichelewaga mpaka unadhani hakusikia. Hakugomba, hakulewa, hakulalamika. Alikuwepo tu, na sie tukazoea.

Ala za bendi zikaletwa shuleni kwetu, lakini madomo hayakuja nazo. Desturi yao ilikuwa hivi: ala ni mali ya kiwanda, domo ni mali yako. Kila mpigaji alijinunulia lake, likakaa na meno yake mpaka likaota alama. Baba alikuwa akisema, "Domo ni kama mswaki, haliazimwi." La kwake lilikuwa jeusi, juu lina vidimbwi viwili vya meno yake ya mbele, na alilifunga kwenye kifuko cha khanga kuukuu ya bibi. Shule ikaachiwa tu madomo ya akiba na yale wenyewe waliyoyatupa, yaliyochakaa, yamejazwa kwenye beseni la bluu pamoja na ridi za kila umri.

Mwalimu wa muziki alitupanga kwenye klarineti, mie na wenzangu, lakini mwenyewe alikuwa mtu wa tarumbeta, na hakuona aibu kusema. "Mambo ya ridi mie siyawezi. Mwambie baba yako aje atuchagulie." Nilimwambia baba mara nyingi. Alijibu, "Tutaona," akaendelea kutazama barabara.

Sasa sikiliza. Wiki moja akaja mkuu wa kikundi cha matarumbeta ya harusi, akanywa chai ya mchaichai barazani kwetu. Akamwambia baba, "Kaka, Jumamosi tuna harusi Keko. Klarineti ipo, mpigaji hakuna. Wewe njoo na domo lako tu. Ukiwaridhisha wenzangu, umeshaingia kundini." Baba alisema sawa, kwa sauti ya kawaida. Lakini alipoondoka mgeni, baba akalitoa domo kifukoni, akaliweka dirishani, akaenda kunyoa ndevu huku anapiga mluzi. Mluzi! Mama aliyekuwa akimenya mihogo aliinua kichwa akanitazama. Tulikuwa hatujausikia tangu kiwanda kifungwe.

Ilikuwa msimu wa kipindupindu. Gari la matangazo lilipita kutwa likisema chemsheni, chemsheni, na bibi alikuwa mtii kuliko serikali yenyewe. Alichemsha maji, vijiko, vikombe, hata meno yake ya bandia. Alipoliona lile domo dirishani, na anajua ni kitu cha kutia kinywani, akalitia kwenye sufuria, akakamulia na ndimu.

Domo lile ni la mpira mgumu, halitaki maji ya moto. Uani kukanuka mayai viza. Lilipotolewa lilikuwa limebadilika rangi, kama maji ya mtaro, na ncha imepinda. Bibi akalifuta kwa upande wa khanga, akampelekea baba kwa mikono miwili. "Mwanangu, nimekutolea uchafu wote wa kiwandani. Sasa pigia salama."

Baba akalishika. Akafunga ridi, ikakaa upande, pengo linaonekana. Hakujaribu hata kupuliza. Akasema, "Ahsante, mama. Limetakata." Basi. Bibi akarudi jikoni anajisikia kafanya la maana.

Asubuhi yake, Ijumaa, nikiwa nafunga viatu, baba akaniambia, "Twende huko shuleni kwenu." Nilijua anakwenda kutafuta domo la kesho, nami nikatembea mbio mbio nyuma yake nikiomba Mungu lipatikane.

Stoo ya shule ilinuka chaki na panya. Baba alichuchumaa mbele ya beseni na suruali yake ya kazini, akachambua madomo kama mtu anayechambua dagaa. Hili limeumwa mno, hili lina ufa, hili lilikuwa la fulani, alikuwa anapiga kwa hasira. Wenzangu walipuliza waliyotupiwa, ikawa kelele za mabata, mwalimu kaziba masikio anacheka. Kisha ridi. Aliziinua moja moja dirishani. "Tazama, moyo wake, hiki kivuli cheusi, uwe katikati. Huu umeegemea upande, utakusumbua." Iliyompendeza aliilowesha kwa ulimi, akaibonyeza kwenye ukucha wa dole gumba, akaisugua taratibu kwa jani la msasa alilotoka nalo nyumbani, katika yale bibi aliyokuwa akisugulia miko.

Mwisho akapata domo moja zima. Moja tu. Akafunga ridi ile, akachukua klarineti aliyoipiga mwenyewe miaka yote, akapuliza ule wimbo wa kumtoa bibi harusi. Mabata yakanyamaza. Nikasema moyoni, alhamdulillahi, kesho baba yumo.

Mwalimu akamwambia, "Nenda nalo, kaka. Jumatatu utalirudisha, nani atauliza?"

Baba alilitoa kinywani. Akalipangusa kwenye shati. "Domo haliazimwi, mwalimu," akasema. "Na huyu mtoto hana la kwake." Akanigeukia. "Lako hili. Piga."

Nikapiga. Sauti ikatoka safi, na sikujua nifurahi au nilie, kwa hiyo sikufanya chochote. Baba akatikisa kichwa kukubali, akaendelea kuwachagulia wenzangu.

Jumamosi msafara wa harusi ulipita barabarani kwetu kuelekea Keko, matarumbeta juu ya pikapu. Bibi akapiga vigelegele, kisha akamuuliza baba, "We si ulisema utakwenda nao?" Baba alikuwa anamsaidia mama kumenya mihogo. "Wamepata mtu, mama," akajibu, na kisu hakikusimama. Kazi ile ya mihogo ndiyo iliyomzeesha. Na bibi alikufa bila kujua, akiwasimulia wageni jinsi alivyolitakasa domo la mwanawe.

Kiwanda sasa ni ghala la vitu vya nje. Barazani pa bibi pana fremu ya duka. Baba tumemzika mwaka juzi, watu walilia vizuri, mie nikawa nagawa maji ya kunywa. Mwanangu jana kaniuliza kama anaweza kumwazima rafiki yake domo. Nikamwambia haliazimwi. Kaniuliza kwa nini, nikamwambia aniulize siku nyingine.

Maana lile la kwangu, shoga, lilikuwa la shule. Siku ya mwisho ya darasa la saba mwalimu alipita na beseni la bluu, akakusanya. Nikafungua ridi, nikalitia domo ndani, likagonga mengine. Nikaenda nyumbani. Baba alikuwa barazani, akanitazama mikono mitupu, akasogea nikae.