Yule wa Mikono Minne Alikuwa Anangoja Nani

Mdogo wangu alisema anakula mawe. Mimi nilisema anatafuta mke. Mpangaji wetu, mwenye mchezo wa video, alisema ni Shetani na hakuna haja ya kuumiza kichwa. Tulibishana hivyo kila siku baada ya shule, mbele ya televisheni ndogo iliyowekwa juu ya magunia ya maharage. Hakuna aliyeshinda, kwa sababu maandishi yote ya mchezo ule yalikuwa ya Kijapani, na katika nyumba yetu hakuna aliyejua hata herufi moja.

Tulimwita yule wa mikono minne. Alitoka kwenye nyota. Hilo lilionekana kwenye picha za mwanzo, chombo kinashuka na ardhi inapasuka. Alikuwa na jicho moja na kichwa kirefu, na alisimama mbele ya moto mkubwa. Mikono miwili ilitia mawe motoni, miwili ilirusha risasi za buluu kwa yeyote aliyekaribia. Wewe ulikuwa mtu mdogo mwenye kofia nyekundu, na kazi yako ilikuwa kumuua. Kwa nini alikuja, na mawe yetu alitaka kuyafanyia nini, mchezo ulieleza kwa kurasa nzima ambazo sisi tuliziruka kwa kubonyeza kitufe.

Mpangaji alikuwa mfanyabiashara wa jumla kutoka Kivu ya Kaskazini, mtu wa sala asubuhi na jioni. Askari walipopora mji, duka lake la Kampemba lilivunjwa, akabaki na alichowahi kupakia kwenye gari: magunia, katoni za sabuni, na mashine ile ya mchezo iliyokuja ndani ya mzigo bila yeye kuiagiza. Mama alimpa chumba chetu cha mbele, pale mtaa wa Makomeno. Miaka ile karibu kila nyumba ya wafanyakazi ilikuwa imempangisha mtu chumba kimoja.

Papa, baba yetu, hakubishana nasi. Alikuwa contremaître, msimamizi wa zamu, wa tanuru kwenye kiwanda cha kuyeyusha shaba. Nasema alikuwa, kwa sababu tanuru lilikuwa limezimika mwaka na nusu kabla. Lakini kila asubuhi alivaa ovaroli yake iliyopigwa pasi, akavaa kofia ngumu, akachukua glavu zake za ngozi na chakula chake kwenye gamelle, kopo lake la bati, akaenda kukaa kwenye geti la kiwanda mpaka saa nane mchana. Kisha alirudi nyumbani. Watoto wa mtaa walimcheka, na mimi nilipigana na wawili kati yao, na mmoja nilimng'oa jino.

Acha nieleze, maana asiyekulia katika nyumba za kiwanda atadhani papa alikuwa amepungukiwa akili, na hilo silikubali. Kwenye tanuru, zamu ikiisha huondoki kwa sababu saa imefika. Unaondoka kwa sababu mwenzako amefika. Mnasimama uso kwa uso na anayetoka anatoa ripoti: moto ukoje, nini kimeharibika, nani ameumia, na mwisho kosa lake mwenyewe, hata likiwa dogo. Anayeingia anarudia kila neno kama lilivyosemwa, bila kubadili kitu. Ndipo anayetoka anasema, "Moto iko yako," na anayeingia anajibu, "Nimekamata. Enda ulale." Mpaka uyasikie maneno hayo wewe uko kazini, hata kama kiwanda kizima kimekwenda nyumbani.

Kwa miaka kumi na moja mtu aliyempokea papa alikuwa jirani yetu wa ukuta mmoja. Nilikula bukari, ugali wetu, kwao mara nyingi kuliko kwetu. Kisha watu wa mji wetu waliamua kwamba wenye asili ya mkoa wa Kasai si wa hapa, hata waliozaliwa hapa, na wakaanza kuwafukuza nyumba kwa nyumba. Zamu ya jirani yetu ilifika siku ya Jumapili. Alitoka na mke wake, watoto wake na magodoro yao, wakaelekea gare, stesheni ya treni, na sisi tuliwatazama kupitia pazia. Vijana walipigilia mbao kwenye mlango wao huku wakiimba.

Jumatatu papa alikuwa zamu ya asubuhi. Saa nane ilifika, hakuna aliyekuja kumpokea. Mtu wake alikuwa gare, amelala kwenye simenti na wanawe akingoja treni, na nusu ya waliobaki waliogopa kutoka nyumbani. Papa alibaki. Alikaa siku mbili akilisha tanuru mpaka makaa yakaisha, moto ukafa, na shaba ikaganda ndani kama bukari kwenye sufuria iliyosahauliwa. Tanuru likigandiwa hivyo halifai tena. Alirudi nyumbani na uso mweusi wa moshi, akaoga, akalala masaa matatu, akaamka akavaa upya.

Barua ya ofisi ilikuja mwezi uliofuata, ikimwambia akae nyumbani mpaka atakapoitwa. Aliisoma mara mbili, akaikunja.

"Barua haina mikono," alisema. "Itakamata moto namna gani?"

Mama hakuwa na uvumilivu wa mambo hayo, na simlaumu. Alikuwa amepewa shamba ng'ambo ya reli, pori tupu lenye visiki na vichuguu, na mwenye ardhi alimwambia wazi kwamba lisipolimwa kabla ya mvua ya kwanza atampa mwingine. Mama alilima peke yake toka Agosti. Ilipofika Oktoba alikuwa amefika robo tu, mikono imechubuka, na mawingu yalianza kukusanyika mchana. Tulikuwa tunakula mara moja kwa siku.

"Mvua ikinyesha mbele ya kulima," alimwambia papa, "tutakula ile kofia yako?"

Papa alisema angelima siku atakayopokewa. Hakusema kwa kiburi. Alisema kama mtu anayeeleza kwamba mlango umefungwa na ufunguo uko kwa mwingine.

Sasa, siku moja mwezi huohuo alirudi kutoka getini, akasimama mlangoni mwa chumba cha mbele, mikono nyuma, akatutazama tukicheza. Alisimama muda mrefu. Mdogo wangu alikufa mara tatu mbele ya yule wa mikono minne na kila mara alimtukana.

"Huyu haiko mubaya," papa alisema. "Huyu eko ku kazi."

"Papa, eko anatuua!" mdogo wangu alilalamika.

"Juu munakaribia moto. Angalia muzuri. Haachake moto yake hata siku moja. Na angalia kichwa."

Tuliangalia. Ni kweli, kila baada ya muda yule wa mikono minne aligeuza kichwa upande wa kulia, kwenye mlango mweusi ukingoni mwa picha. Tulidhani anajiandaa kurusha risasi. Lakini hakurusha kitu. Alitazama tu, akarudi kwenye moto wake.

"Anangojea relève," papa alisema, yaani mtu wa kumpokea zamu.

"Na juu ya nini haikuye?" nilimwuliza.

Mpangaji alicheka, akasema Shetani hana zamu, anafanya kazi masaa yote. Lakini kuanzia siku ile sikuweza kuona kitu kingine. Nilipokuwa natakiwa kuruka, nilimtazama kichwa. Mke niliyembunia nilimwacha.

Papa alianza kuja kila mchana. Hakuwahi kugusa manette, kile kidude cha vitufe cha kuchezea, ila alituwekea sheria yake. Hakuna kumwachia mwenzako manette hivihivi. Unatoa ripoti: nimebaki na maisha mawili, daraja limevunjika, kosa langu niliruka mapema. Mwenzako anarudia. "Moto iko yako." "Nimekamata. Enda ulale." Tulifurahia sana mambo hayo, tukawa tunayafanya hata kwa ndoo ya maji. Mama akisikia anageuka upande mwingine.

Kwa kawaida umeme ulikatika kabla mtu hajafika mbali. Alhamisi moja haukukatika. Mimi ndiye niliyekuwa na manette, na nilicheza kama sijawahi kucheza. Nilifika kwenye moto nikiwa na maisha manne. Nilimpiga mara moja, mbili, nikasikia mdogo wangu akipiga kelele, nikampiga mara ya mwisho. Yule wa mikono minne alipiga magoti. Kabla ya kuzimika aligeuza kichwa kwenye ule mlango. Maandishi ya Kijapani yakapanda, muziki ukalia, mdogo wangu akanirukia shingoni.

Nilipogeuka, papa alikuwa ametoka. Jioni hakula. Kesho yake alivaa ovaroli akaenda, akarudi, hakuja chumba cha mbele. Sikulia, lakini nilijisikia vibaya kuliko siku niliyomng'oa mtu jino. Nililala nikifikiri, na asubuhi ya Jumamosi nilikuwa nimeelewa jambo ambalo hata mpangaji na Biblia yake hakuliona. Papa hakuwa amezungumza juu ya mchezo hata siku moja.

Nilimfuata getini. Alikuwa amekaa kwenye tofali karibu na mlinzi, gamelle kati ya miguu. Nilisimama mbele yake uso kwa uso, mikono imenyooka.

"Papa, relève njo mie."

"Weye?"

"Mie."

"Uko mutoto."

"Hakuna mwingine, papa."

Alinitazama mpaka nikaogopa kwamba atanipiga. Mlinzi alianza kucheka akaacha. Papa alisimama, akafunga kifungo cha juu cha ovaroli.

"Moto ilizimika mu mikono yangu. Shaba ilikauka ndani."

Nilirudia.

"Kreni ya pili, munyororo ilikatika."

Nilirudia.

"Muntu moja aliungua mukono ya kushoto."

Nilirudia. Ilibaki kosa.

"Siku ya Mungu balimufukuza mwenzangu. Alipiga hodi kwetu. Nilimusikia. Sikufungua."

Hodi ile hata mimi niliisikia. Wote tuliisikia, mara tatu, na hakuna aliyewahi kuitaja ndani ya nyumba yetu. Nikasema, "Alipiga hodi kwetu. Haukufungua."

"Hapana," papa alisema polepole. "Sema sawa vile nilisema."

Nikasema, "Nilimusikia. Sikufungua." Sauti yangu ilikatika, nikairudia tena ili itoke nzima.

"Moto iko yako."

"Nimekamata, papa. Enda ulale."

Alinipa glavu zake, akaondoka na gamelle mkononi, akitembea katikati ya barabara. Nilimtazama mpaka alipopinda kona. Ndipo nikatambua kwamba sikuwa nimefikiria mbele ya hapo. Nilikuwa nimepokea, na nilijua sheria. Nikakaa kwenye tofali. Mlinzi aliniambia nirudi nyumbani. Nikamjibu kwamba siwezi, sijapokewa. Saa nane ilipita. Njaa ilinikata tumbo, na mawingu yalizunguka juu ya mlima wa takataka za shaba.

Mama alinikuta karibu saa kumi, akitoka shambani na jembe begani.

"Papa yako analala sawa mugonjwa, hata kumuamusha haamuke," alisema. "Ulimufanya nini?"

Nilimweleza. Nilisubiri matusi. Mama hakuwahi kuingia kiwandani, na kwa mwaka na nusu aliuchukia moto ule kama mke mwenza. Aliweka jembe chini.

"Sema basi," aliniambia.

Nilitoa ripoti yote. Alirudia moto, akarudia kreni, akarudia mtu aliyeungua. Kwenye hodi alisimama. Mama ndiye aliyekuwa na ufunguo Jumapili ile. Aliufunga ndani ya ngumi, nilimwona. Alitazama chini, kisha akasema kama nilivyosema, bila kuacha neno: alipiga hodi kwetu, nilimusikia, sikufungua.

"Moto iko yako," nilisema.

"Nimekamata. Enda ulale."

Mama akaokota jembe lake, tukarudi nyumbani wote wawili. Papa alilala mpaka mchana wa Jumapili. Jumatatu alikwenda shambani na ovaroli yake ileile, na mvua ya kwanza iliponyesha sehemu kubwa ya shamba ilikuwa wazi na mahindi yamo ardhini. Hakurudi getini tena. Aliishi miaka mingi baada ya hapo, mtu wa jembe, na mchezo hakuuzungumzia.

Nilipokuwa mtu mzima nilikutana na mtu aliyesoma Japani, nikampelekea kile kitabu kidogo cha mchezo nilichokuwa nimeachiwa na mpangaji. Nilimwuliza yule wa mikono minne alitaka nini. Alisoma, akasema, "Alitaka kuitawala dunia." Ndiyo tu? Ndiyo tu. Nilimwambia amesoma vibaya, na sikumpigia simu tena.

Na mwaka mmoja kabla mama hajafa, tulikuwa tumekaa uani tukimenya mihogo, nikamwuliza kama kuna mtu aliyempokea ule moto. Nilidhani amesahau, lakini alijua mara moja nasema nini. Alitazama upande wa nyumba ya jirani, ambako wanaishi watu wengine siku hizi, na mlango una rangi mpya.

"Ningemupatia nani?" alisema, akachukua muhogo mwingine.